Filamu zote za James Bond kwa wiki mbili za baridi: tuanzie wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Uyole, Mbeya. Julai hii nina likizo ya wiki mbili, na kwa baridi la huku, saa moja jioni ikifika kila mtu yuko ndani. Nimepania tuangalie filamu zote za James Bond, yule jasusi wa Uingereza: mimi, mke wangu, mdogo wangu wa kidato cha nne na baba, mstaafu wa TAZARA, ambaye kwake James Bond ni Roger Moore, basi. Kijana wa duka la movi kanijazia faili 27 kwenye diski, na kila mahali nasikia ziko 25. Tulianza na Dr. No kwa kuwa ndiyo ya kwanza. Nusu saa haijaisha baba anakoroma, dogo yuko kwenye simu. Tuzifuate kwa mwaka hivyo hivyo, au kuna namna nyingine ya kuzifurahia bila kuchoshana?

Jibu: Marahaba, na mzee mfikishie "mugonile" yangu kutoka huku Iringa, ambako nako maji ya bomba ya asubuhi yanauma vidole.

Nianze na hiyo Dr. No, maana ndiyo iliyowaharibia. Ni ya 1962, imetengenezwa kwa takribani dola milioni moja tu, na watu waliokuwa bado wanapapasa wakitafuta watengeneze kitu gani. Haina wimbo wa kufungulia wa mwimbaji mkubwa. Haina gari la maajabu. Steringi anazunguka Jamaica akiuliza maswali. Utamu wake mkubwa uko pale kwenye meza ya kamari: kamera inaonyesha mikono, inaonyesha kisogo, inamzungukazunguka, mpaka yule dada aliye mbele yake anapomuuliza jina ndipo tunamwona Sean Connery, sigara mdomoni, akilitaja kwa mara ya kwanza. Mtu aliyekwisha ona filamu kumi za Bond husisimka hapo. Asiyeona hata moja anamwona jamaa anawasha sigara. Kwa hiyo mzee hana kosa. Mmempa mwisho wa utani kabla ya kumpa mwanzo wake.

Kwa hiyo, kufuata mwaka: hapana. Na si kwa sababu ya Dr. No peke yake. Mfululizo huu, kwa sehemu kubwa, hauna hadithi inayoendelea ya kumfanya mtu aogope kupitwa. Watengenezaji wenyewe hawakujali. Mwaka 1967, kwenye You Only Live Twice, Bond anakutana uso kwa uso na adui yake mkuu, Blofeld. Mwaka 1969, kwenye On Her Majesty's Secret Service, Blofeld huyohuyo anakaa na Bond na hamtambui, na Bond naye anajifanya mtu mwingine kwa kubadilisha tu jina na kuvaa miwani. Katikati hapo waigizaji wa pande zote mbili walikuwa wamebadilishwa, na hakuna aliyehangaika kueleza. Ukiketi kufuatilia "nini kitatokea baadaye" utachoka kabla ya filamu ya tano, maana kitakachotokea unakijua: ulimwengu utaokolewa, na mlipuko mkubwa utakuwa mwishoni.

Raha yake ni ile ya siku ya mashindano ya kwaya. Wimbo wa lazima ni mmoja, kila kwaya inauimba, na watu wanakaa mpaka jioni wakisikiliza nani kaimba vipi. Hapa kwaya ni sita: Connery mara sita, George Lazenby mara moja, Roger Moore saba, Timothy Dalton mbili, Pierce Brosnan nne, Daniel Craig tano. Jumla 25. Wimbo wa lazima ni tukio la kufungulia kabla ya majina, muziki wa mwanzo, ofisi ya bosi M, vifaa vya Q, yaani fundi wa silaha na magari ya Bond, jambazi mkuu mwenye kilema au tabia ya ajabu, gari, kukimbizana. Zipangeni ili zile zinazostahili kulinganishwa zikae karibu karibu, mtaona hata simu inawekwa chini yenyewe.

Hesabu kwanza. Zote 25 zikiunganishwa zinakula takribani saa 53. Usiku 14, saa moja jioni mpaka saa tano, zinatosha na chenji inabaki. Lakini msibebe tatu kwa usiku mmoja, hata kama mke wako na dogo wana nguvu. Mbili ni mwisho, na nzito ziwe moja moja. Kuna nne ambazo mimi nisingezipa usiku kabisa: Diamonds Are Forever ya 1971, A View to a Kill ya 1985, The World Is Not Enough ya 1999 na Die Another Day ya 2002. Hizi ziwekeni mchana wakati watu wanamenya viazi. Kwenye A View to a Kill, Moore ana miaka 57 na inaonekana kwenye kila ngazi anayopanda, ingawa Grace Jones anastahili mtu aache kisu na kuangalia. Die Another Day ina gari lisiloonekana kwa macho. Mkimaliza viazi mtakuwa mmemaliza nayo.

Usiku wa kwanza mpeni mzee filamu yake. Marathoni ya watu wengi huvunjwa na yule anayechoka mapema, kwa hiyo yeye ndiye awe mwenyeji. Wekeni The Spy Who Loved Me ya 1977. Kabla hata majina hayajapita kuna Bond anakimbizwa kwenye theluji, anafika ukingoni mwa mlima na kuruka. Aliyeruka kweli ni mtaalamu wa michezo ya hatari, Rick Sylvester, kwenye mlima Asgard huko kaskazini ya Kanada. Muziki unakata. Mtu anadondoka, fimbo za kutelezea zinamtoka, kimya, kimya, halafu parachuti inafunguka yenye bendera ya Uingereza. Mzee aliyeiona kwenye jumba la sinema anaukumbuka ukimya huo kuliko hadithi yenyewe. Mwacheni asimulie. Hata Kiingereza kikimpita dogo, mzee awe mtafsiri kama wale wa vibanda vya video, apaze sauti, aongeze chumvi yake. Filamu za Moore zinavumilia kelele, zimejaa utani na ngumi zisizoumiza. Na kama baba ni wa rika la waliosoma visa vya Willy Gamba vya Elvis Musiba, atakuwa na mengi ya kusema kuhusu nani mpelelezi hasa.

Usiku wa pili ndiyo Goldfinger, 1964. Hapa ndipo kila kitu kilipokaa mahali pake, na zote zilizofuata zinaiiga au zinaikwepa. Shirley Bassey anaimba kama anataka kupasua spika. Gari aina ya Aston Martin DB5 linaingia na kiti kinachomrusha abiria nje kupitia paa, na Q, yaani Desmond Llewelyn, anamwelekeza Bond kwa uchovu wa mwalimu mwenye mwanafunzi mtundu. Huyo Llewelyn mkariri sura: alicheza kwenye filamu 17, kuanzia 1963 mpaka 1999, akawaona ma-Bond watano wakija na kuondoka. Halafu kuna jambazi mwenyewe, mpenda dhahabu, anayeitazama hazina ya Marekani pale Fort Knox. Mpango wake una ujanja wa kibiashara ambao mtu yeyote wa Mbeya mwenye ndugu machimboni Chunya anaweza kuukamata kabla Bond hajafunguliwa akili. Simamisha filamu pale Bond anapouliza dhahabu yote hiyo itabebwaje, muulize mzee. Sitasema zaidi.

Usiku wa tatu ndio ninaokuonea wivu, kwa sababu una mtu wa reli nyumbani. Ni usiku wa treni: From Russia with Love ya 1963, kisha Live and Let Die ya 1973. Ya kwanza inakwenda taratibu mpaka Istanbul, msiwe na haraka nayo, halafu inapanda treni ya Orient Express na haishuki mpaka mtu afe. Ndani ya treni kuna Mwingereza mstaarabu aliyejitambulisha kama mwenzake Bond. Wanakula pamoja kwenye behewa la chakula, wote wameagiza samaki, na jamaa anaagiza mvinyo mwekundu. Bond anakodoa kidogo, anaacha ipite. Baadaye, akiwa amepigishwa magoti na bastola iko kwa yule jamaa, ndipo anasema angejua pale kwenye mvinyo.

Kinachofuata kitazameni kwa makini. Bond hana silaha. Ana begi tu, alilopewa na Q mwanzoni mwa filamu: ndani kuna vipande 50 vya dhahabu, kisu kimefichwa ubavuni, na kopo la poda ambalo kwa kweli ni gesi ya kutoa machozi, linalolipuka mtu akilifungua begi vibaya. Anamwambia jamaa kuna dhahabu, anampa ya kwenye begi lake, kisha, jamaa akiuliza, anamwambia kwamba begi la pili nalo linazo. Tamaa inamshinda yule mtu, anataka kulifungua mwenyewe. Kopo linalipuka, risasi inapiga taa, chumba kinabaki na mwanga wa buluu wa usiku. Na muziki hakuna. Mnasikia magurudumu, pumzi, viatu kwenye mbao, kioo kinapasuka. Watu wawili wakubwa wanapigana kwenye chumba ambacho huwezi kunyoosha mikono, yaani kila ngumi inagonga kitanda au mlango kabla ya kufika usoni. Baba yako amelala kwenye vyumba vya namna hiyo kati ya Mbeya na Dar es Salaam. Atakwambia mlango unafungukia wapi na kwa nini huwezi kumkwepa mtu mle ndani.

Halafu wekeni Live and Let Die, nendeni nayo mpaka mwisho kabisa, na mtaona pigano la treni tena, safari hii na jamaa mwenye mkono wa chuma, na Moore anamaliza kwa mzaha. Kumbukeni pia lile la The Spy Who Loved Me la usiku wa kwanza, na Jaws mwenye meno ya chuma. Na kabla likizo haijaisha mtafika Spectre ya 2015, ambako Craig anapigana na Dave Bautista ndani ya treni jangwani, na yule jitu hasemi neno mpaka dakika yake ya mwisho. Mapigano manne, wimbo mmoja. Kura yangu bado iko 1963.

Live and Let Die ina jambo jingine ambalo msilifunike. Karibu majambazi wote ni watu weusi, na uchawi wa kisiwani umepakwa rangi nene kwa ajili ya mtazamaji wa Ulaya. Kwenye Dr. No nako kuna mtu mweusi anayeagizwa na Bond amletee viatu kama mtumishi. Dogo atauliza. Simamisheni, muongee, muendelee. Yaphet Kotto, aliyecheza jambazi mkuu wa 1973, ana heshima kuliko maneno aliyoandikiwa, na hilo nalo linaonekana.

Siku zinazofuata sitakupangia dakika kwa dakika. Thunderball na You Only Live Twice zikae usiku mmoja: ya kwanza ina mapigano marefu chini ya maji ambayo mimi hupenda kuyapitia huku nikisonga mbele kidogo, ya pili ina makao ya adui ndani ya volkano, na nyie mnaokaa chini ya milima ya Rungwe na Ngozi mna haki ya kuikosoa. Moonraker ifuatwe na For Your Eyes Only, na waelezeni watazamaji kisa chake. Mwisho wa The Spy Who Loved Me palitangazwa kwamba itakayofuata ni For Your Eyes Only. Mwaka huohuo Star Wars ikatikisa dunia, watengenezaji wakabadili mawazo, 1979 Bond akapelekwa angani. Pesa waliipata. Mwaka 1981 wakamshusha, wakampa filamu kavu yenye milima ya Ugiriki na gari dogo bovu la manjano, na kwangu hiyo ndiyo bora ya Moore, ingawa baba yako atakataa. The Man with the Golden Gun na Octopussy ziende pamoja, mkichoka lalieni ya pili.

Dalton mpeni usiku wake, The Living Daylights na Licence to Kill. Huyu alikasirika kabla ya Craig, watu wa 1987 hawakuwa tayari. Kwa dogo anayesoma historia ya Vita Baridi, hapa kuna darasa: filamu ya 1963 inamwonyesha Mrusi adui, ya 1977 inamwonyesha Mrusi mshirika, ya 1987 inampeleka Bond Afghanistan akiwa upande wa wapiganaji wa mujahidina, na GoldenEye ya 1995 inakuja baada ya Umoja wa Kisovyeti kusambaratika, sanamu za Lenin zimeangushwa. Mwulize swali moja la mtihani hapo, atajibu bila daftari. Licence to Kill lakini ni kali: papa, damu, mtu anapasuka kwenye chumba cha hewa. Uingereza waliipa alama ya miaka 15 kwenda juu. Wadogo zaidi wa jirani waliokuja kuota moto warudi kwao usiku huo.

Sasa lile ambalo hukuliuliza, ila najua litakuja. Mke wako na baba mkwe wake chumba kimoja, na filamu hizi haziishi bila Bond kukumbatiana na mtu. Kwa Unyakyusa, ambako kwa mila mkwe na baba mkwe walikuwa hata njiani wanapishana kwa mbali, si jambo dogo. Bahati nzuri Bond ana ratiba kuliko basi la Kyela. Majina ya mwanzo, vivuli vya wanawake vinapoelea na wimbo unaimbwa: muda wa kwenda kuleta chai. Dakika tatu za mwisho, adui amekwisha kufa na wawili wako kwenye boti: muda wa kukusanya vikombe. Wakati wa katikati ni pale wanapofika hotelini usiku. Rimoti akae nayo mzee, mkubwa ndiye anayejua lini aseme "hebu nione hapa nyuma kidogo". Zenye utulivu zaidi upande huo ni For Your Eyes Only, The Living Daylights na Quantum of Solace. Kati ya za zamani, iogopeni Thunderball.

Tano za Craig ndizo pekee zenye hadithi inayofuatana, hizo hapana kuchezea mpangilio: Casino Royale ya 2006, Quantum of Solace ya 2008, Skyfall ya 2012, Spectre ya 2015, No Time to Die ya 2021. Kabla yake, usiku mmoja mpeni GoldenEye na Tomorrow Never Dies. Sababu ya GoldenEye ni kwamba aliyeiongoza, Martin Campbell, ndiye aliyeitwa tena miaka 11 baadaye kumtambulisha Craig, na ni burudani kumwona mtu mmoja akifungua mlango uleule mara mbili kwa funguo tofauti. Kisha Dr. No sasa, ndiyo, sasa, mzee akiwa anajua kila kitu kinatoka wapi. Usiku unaofuata On Her Majesty's Secret Service peke yake. Lazenby hakuwa mwigizaji, alikuwa mwanamitindo, na bado hii ni moja ya tatu bora za mfululizo mzima, kwa sababu ya Diana Rigg, theluji ya Uswisi na sauti ya Louis Armstrong. Wimbo wake ule uwekeni akilini. Siku nne baadaye, kwenye No Time to Die, mtajua kwa nini nimesisitiza.

Casino Royale na Quantum of Solace ziwe usiku mmoja kwa kuwa ya pili inaanza muda mfupi tu baada ya ya kwanza kuisha, na bahati yenu Quantum ni fupi kuliko zote, dakika 106. Casino Royale, majina ya mwanzo yakishapita, inakwenda Afrika, Uganda na Madagaska, ingawa ule mkimbizano wa kwenye kreni ulipigwa Bahamas. Tatizo ni katikati: sehemu kubwa ni karata, na ni poka, wakati sisi wengi tumezoea arubastini. Msipoelewa mchezo mtalala wote wanne. Mambo yenyewe si magumu. Kila mchezaji anashika karata mbili za siri. Tano zinawekwa mezani wazi, za watu wote. Unachagua tano bora kati ya hizo saba. Karata tano za aina moja, mfano shupaza tupu, ni nzuri. Inazidiwa na tatu zenye namba moja pamoja na mbili zenye namba moja. Hiyo nayo inazidiwa na tano za aina moja zinazofuatana bila kuruka. Andikeni kwenye karatasi hayo matatu, mbandike chini ya televisheni.

Kisha mkifika mchezo wa mwisho, karata tano zikiwa mezani, simamisha picha. Mtaona nne, sita na nane za shupaza, ree ya shupaza, na ree ya kopa. Mpe kila mtu dakika moja aandike: ungeombea ushike zipi mbili mkononi? Mwenye ree moja na sita moja yuko pazuri sana. Mwenye nane mbili yuko pazuri. Lakini kuna karata mbili zinazomshinda kila mtu, na mezani hakuna anayetaka kuamini mwenzake anazo. Baada ya hapo bonyeza, na hutasikia mtu akiomba simu.

Mambo ya nyumbani. Umeme ukikatika katikati ya filamu raha imekwisha, kwa hiyo kama mna sola angalieni hesabu: betri ya Ah 100 ya volti 12 inabeba wati-saa 1200 kwa karatasi, ila ya asidi msiishushe chini ya nusu. Televisheni ya inchi 32 ya kisasa inakula kama wati 50. Ukijumlisha na kinachopotea kwenye inverta mna kama saa tisa au kumi, filamu nne. Zimeni taa za nje. Ukihamishia kwenye flashi, faili linalozidi GB 4 litagoma kama flashi imefomatiwa kwa FAT32. No Time to Die ina dakika 163, hiyo ndiyo itakayogoma kwanza.

Jiko la mkaa lisiwe ndani na madirisha yamefungwa. Najua baridi la Uyole Julai, na najua kila nyumba inafanya. Gesi yake haina rangi wala harufu, inaanza kwa kichwa kuuma na usingizi mzito, na watu wanne waliokaa saa nne wakiangalia ukuta mmoja ndio watu wa mwisho kugundua. Likolee nje, mpikie chai, mkaa ubaki nje. Ndani mabulangeti, na kahawa ya Mbozi kwa wanaotaka kufika saa tano. Nataka baba akisinzia tena iwe ni kosa la filamu.

Mwisho, hizo 27. Kijana wa duka hajakuibia, kakuongezea. Kuna Casino Royale nyingine ya 1967, ya mzaha, ya watengenezaji wengine kabisa, yenye David Niven na Peter Sellers. Ni fujo tupu, iruke bila dhambi, ila hakikisha siyo hiyo iliyokaa kwenye nafasi ya ile ya Craig. Ya pili ni Never Say Never Again ya 1983. Hadithi yake ni ileile ya Thunderball, kwa sababu Kevin McClory, aliyeshiriki kuibuni zamani, alibaki na haki zake kisheria, na akampata Connery mwenyewe arudi. Mwaka huohuo Moore alikuwa na Octopussy, hivyo Bond wawili wakashindana sokoni. Moore aliingiza pesa nyingi zaidi. Connery, aliyeanza kazi hiyo miaka 11 kabla yake, alikuwa mdogo kwake kwa karibu miaka mitatu. Iwekeni Jumapili mchana baada ya kanisa, siku ya ziada, wale waliolalia Octopussy waangalie zote mbili, na mzee asipige kura mpaka zote ziishe.